Usikubali injini ifunguliwe kabla haijapimwa: vipimo vya pikipiki unavyoweza kufanya nyumbani

Leo siasa naziweka pembeni, naomba tuongelee pikipiki. Najua kuna watakaosema hizo ni habari za mafundi, lakini hebu fikiria: ukitaka kutoka Masoko kwenda Kivinje usiku, ukitaka kumwahisha mgonjwa hospitali, ukitaka kutoa gunia la ufuta shamba kule Njinjo, unamwita nani? Bodaboda. Pikipiki moja ikilala, kuna nyumba hawali. Kwa hiyo hii ni habari ya tumbo kabisa.

Kilichonifanya niandike ni kaka yangu. Anaendesha Boxer ya mkataba, kijiwe chake kipo hapa hapa Kilwa Masoko. Kwa wasiojua, mkataba maana yake kila siku unapeleka hesabu kwa bosi, na muda mliokubaliana ukiisha pikipiki inakuwa yako. Ukikosa hesabu siku kadhaa, bosi anachukua chuma chake na yote uliyolipa yameenda na maji. Kaka alikuwa amebakiza miezi minne tu. Asubuhi moja pikipiki ikagoma. Akapiga kiki mpaka goti likauma. Ikawaka kwa kusukumwa, na ilipowaka haina nguvu, kamlima kadogo tu inalia kama mtoto.

Akaipeleka kwa fundi (simtaji, naye anatafuta riziki kama sisi). Fundi akapiga kiki mara mbili tatu, akatikisa kichwa. "Injini imekufa hii. Pistoni, ringi, bloku, vyote vya kubadilisha. Laki tatu na nusu, njoo baada ya siku nne." Kapima nini? Hakuna. Kaka akarudi nyumbani, akakaa barazani kimya. Laki tatu na nusu hana, na siku nne bila hesabu ndo kabisa hana.

Jioni ile tukaenda kwa mzee mmoja wa Kivinje, ametengeneza mashine za boti na pikipiki tangu enzi za Honda za mabwana shamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmeipima?"

Tukatazamana. Mzee akacheka. "Mgonjwa hapasuliwi tumbo kabla ya kupimwa. Nendeni mkanitafutie kijiko cha chai."

Kilichotokea nitasema huko chini. Kwanza niwape vipimo vyenyewe, alivyotufundisha mzee na vingine nilivyovipata kwa kusoma vitabu vya kiwanda vinavyokuja na pikipiki (vile ambavyo huwa tunafungia karanga). Havihitaji gereji. Vinahitaji spana ya plagi, oili kidogo, tochi, na utulivu.

NDANI KUNALIKA NINI?

Pikipiki zetu nyingi za boda, iwe Boxer, TVS au zile za Kichina za 125 na 150, ni silinda moja, mipigo minne, inapozwa kwa hewa. Ndani pistoni inapanda na kushuka kwenye silinda, ambayo mafundi wanaiita bloku. Pistoni imevaa ringi. Za juu zinazuia gesi isivuje kwenda chini, ya chini inakwangua oili isipande juu. Kwenye hedi kuna valvu mbili: moja inaingiza hewa na petroli, nyingine inatoa moshi kwenda kwenye ekzosi. Chini ya pistoni kuna konrodi, inaishika krenki, na krenki inazunguka kwenye beringi zake.

Kwa hiyo injini "ikichoka" ujue kuna sehemu tatu tofauti: ringi na bloku, au valvu na sili zake, au beringi za konrodi na krenki kule chini. Kila moja ina dalili zake, na kila moja ina bei yake. Mtu akikwambia tu "injini imekufa" muulize, imekufa wapi?

Na adui yetu mkubwa huku pwani ni mchanga. Watu wanasema chumvi ya bahari ndo inaua injini. Chumvi inakula fremu, ekzosi na waya kwa nje, kweli. Lakini bloku inaliwa na mchanga na vumbi vinavyopita kwenye eya klina iliyochanika au iliyotolewa kabisa "ili ipate pumzi". Pumzi hiyo unailipia baadaye. Mchanga ukichanganyika na oili ni kama msasa, kila pistoni inapopanda na kushuka inakwanguliwa.

KWANZA ONDOA WASINGIZIWAJI

Kuna magonjwa yanaigiza kuchoka kwa injini:

Klachi. Ukivuta resi injini inalia juu lakini mwendo hauongezeki, hiyo ni klachi inateleza, ringi hazihusiki. Kwenye pikipiki hizi oili ni moja kwa injini, gia na klachi. Ukiweka oili ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano, klachi itateleza. Tafuta oili ya pikipiki, kwenye kopo imeandikwa JASO MA au MA2.

Breki. Nyanyua gurudumu uzungushe kwa mkono. Likiwa gumu, pikipiki itakuwa nzito hata injini iwe mpya.

Eya klina, kabureta na plagi. Eya klina ikiziba, moshi unakuwa mweusi na nguvu zinapungua. Plagi mbovu peke yake imeshawafanya watu wengi wauze pikipiki nzima.

Hivyo vikiwa sawa, sasa tuingie kwenye injini.

KIPIMO CHA 1: MOSHI WA ASUBUHI

Pima injini ikiwa baridi, imelala usiku kucha. Iwashie nje, sio chumbani wala kwenye kibanda kilichofungwa, moshi ule una hewa ya sumu isiyo na harufu. Simama nyuma uangalie.

Moshi mweupe mwepesi unaopotea baada ya dakika moja mbili ni unyevu tu, huku kwetu asubuhi ni kawaida. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Moshi wa bluu ndo tunaoutafuta, maana hiyo ni oili inaungua. Ukitoka bluu wakati wa kuwasha kisha ukakata, shuku sili za valvu: usiku oili imechuruzika ikaingia juu ya pistoni. Ukitoka bluu kila ukivuta resi, hata injini imeshapata moto, shuku ringi na bloku. Na kama unateremka mlima umeachia resi, halafu ukivuta tena linatoka wingu la bluu, hapo tena ni valvu: sili, au njia ya valvu imepanuka.

Hapa niungame. Mwaka 2024 baada ya pesa za ufuta kutoka, jirani yetu mwenye kiduka alitaka kununua pikipiki ya mkononi. Akaniomba niende nae kwa sababu "wewe umesoma, unajuajua mambo ya mitandao". Nikaenda. Tulipofika pikipiki ilikuwa inaunguruma tayari, inasubiri. Moshi hakuna. Sauti nzito, tamu. Nikamwambia chukua, iko safi. Akatoa milioni moja na laki moja. Baada ya wiki mbili akaimwaga oili aweke mpya, kesho yake pikipiki ikawa inapulizia mbu mtaa mzima. Aliyeuza alikuwa ameweka oili nzito mno ili izibe mapengo ya ringi. Na ile kuiwasha kabla hatujafika haikuwa ukarimu, ilikuwa kuficha moshi wa asubuhi.

Tulipofungua boksi la eya klina tukakuta mchanga mkavu umeganda chini, kama wa ufukweni. Mnakumbuka Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika maeneo ya Somanga? Siwezi kuapa kama pikipiki ile ilipita kwenye maji yale, ila ilishakunywa maji ya mahali fulani. Ningefungua boksi lile kabla ya kutoa hela, dakika mbili tu, jirani angebaki na pesa yake.

Kwa hiyo sheria: ukienda kununua, kabla ya salamu kuisha weka mkono karibu na bloku. Ikiwa ya moto, kaa, subiri ipoe kabisa, au rudi kesho asubuhi. Muuzaji akikasirika umeshapata jibu.

KIPIMO CHA 2: SIMAMA JUU YA KIKI

Zima swichi. Weka gia huru, pikipiki kwenye stendi ya katikati. Bonyeza kiki taratibu kwa mguu mpaka ufike pale inapokuwa ngumu, hapo pistoni inabana hewa. Egemea na uzito wako bila kuruka. Injini yenye afya inakubishia sekunde kadhaa ndo inashuka polepole. Iliyochoka inashuka kama inazama kwenye siagi. Ukikosa ugumu wowote, hewa inavuja mahali.

Wakati umeegemea, mtu mwingine asikilize. "Sss" kwenye mdomo wa ekzosi maana yake valvu ya moshi haifungi. "Sss" upande wa kabureta na eya klina ni valvu ya kuingizia. Ikisikika kwenye mpira wa kupumulia wa injini, inapita kwenye ringi. Paka maji ya sabuni pale hedi inapokutana na bloku, mapovu yakitoka ni gasketi. Hiki kipimo ni bure na kinasema mengi kuliko mafundi wengine.

KIPIMO CHA 3: MPIRA WA KUPUMULIA

Injini ina mpira mwembamba unaotoka kwenye mwili wake kwenda kwenye boksi la eya klina. Uchomoe upande wa boksi, washa injini. Kupumua kidogo kwa mapigo ni kawaida. Lakini ukiona inapuliza moshi mfululizo na matone ya oili, gesi za juu zinapita kwenye ringi kushuka chini. Ukizima, urudishie mpira mahali pake. Usiuache unaning'inia, utavuta mchanga.

KIPIMO CHA 4: KIJIKO CHA OILI

Hiki ndo kipimo alichotutumia mzee kuleta kijiko.

Injini iwe imezimwa, ya uvuguvugu, isikuunguze. Kabla ya kufungua plagi, safisha kuizunguka kwa brashi na pampu ya baiskeli. Tafadhali usiruke hii hatua! Mchanga uliokaa pale ukidondokea ndani, wewe mwenyewe umeanzisha ugonjwa. Fungua plagi uiangalie. Rangi ya kahawia ni nzuri. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Nyeusi yenye mafuta ya kung'aa ni oili inapanda. Nyeupe sana ni joto kali au hewa nyingi.

Sasa hakikisha swichi imezimwa na waya wa plagi uko mbali na tundu, maana mvuke wa petroli utatoka hapo na cheche moja inatosha. Hakuna sigara. Ziba tundu kwa kidole gumba, vuta resi hadi mwisho, mwenzako apige kiki. Injini nzima inakitupa kidole nje, huwezi kukizuia. Ukiweza kukizuia bila shida, hewa haibanwi.

Mwenye geji ya kupimia kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, aitumie badala ya kidole. Kwa injini nyingi za 125 na 150, PSI 150 kwenda juu ni afya njema. Chini ya PSI 100 utakuwa unaumia goti kila asubuhi. Ila kipimo cha kweli cha pikipiki yako kimeandikwa kwenye kitabu chake.

Halafu mimina oili ya injini kijiko KIMOJA cha chai kwenye tundu la plagi. Piga kiki taratibu mara chache isambae, kisha pima tena. Fikiria kilichotokea: oili imekaa kati ya ringi na bloku, imeziba mapengo kwa muda. Kwa hiyo:

Nguvu ikipanda sana, ringi na bloku ndo zinazovuja.

Isipobadilika, ringi hazina kosa. Tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Ikipanda kidogo tu, huenda vyote vimechoka kwa pamoja.

Usizidishe oili. Ikijaa juu ya pistoni itakudanganya, na oili haibanwi kama hewa, unaweza kuvunja kitu. Ukimaliza, piga kiki kadhaa plagi ikiwa nje ili oili itoke, ndo urudishe plagi. Ianze kwa vidole, sio kwa spana, usije ukaua nyuzi za hedi.

KIPIMO CHA 5: TAPETI

Hapa ndo pikipiki nyingi zinapohukumiwa kwa uongo. Kila valvu inasukumwa na tapeti, na katikati lazima kuwe na kanafasi kadogo. Miaka inavyokwenda, valvu inajizamisha kidogo kidogo kwenye kiti chake, na kale kanafasi kanakwisha. Kakiisha, valvu haifungi vizuri tena. Hewa inavuja, pikipiki haiwaki, haina nguvu, na dalili zote zinafanana na ringi zilizokufa.

Kinapimwa injini ikiwa ya baridi kabisa. Fungua vifuniko vya tapeti juu ya hedi na vile viwili vya upande wa kushoto kwenye magneto, plagi ikiwa imetolewa ili izunguke kwa wepesi. Zungusha nati ya magneto taratibu kuelekea injini inakozunguka (kwa nyingi za aina hii ni kinyume cha saa) huku unaangalia valvu ya upande wa kabureta. Itashuka, itapanda. Alama ya T inayofuata kwenye kidirisha ndiyo yenyewe, pistoni iko juu na valvu zote zinatakiwa ziwe zimefunga. Hapo shika tapeti uitikise, lazima uisikie inacheza kidogo sana. Pitisha fila geji. Vitabu vingi vya pikipiki hizi vinasema kati ya milimita 0.05 na 0.10, na valvu ya moshi mara nyingine inataka nafasi zaidi ya nyenzake. Fuata kitabu cha pikipiki yako.

Watu wanapenda kukaza tapeti ili "isipige kelele". Wadau, tapeti inayolia kidogo ni bora kuliko iliyo kimya kwa sababu imekazwa. Iliyokazwa inaunguza valvu, kwa sababu valvu hupoa pale inapokaa vizuri kwenye kiti chake.

KIPIMO CHA 6: SAUTI NA MCHEZO WA CHINI

Chukua bisibisi ndefu, ncha iweke kwenye injini, mpini kwenye sikio, mbali na vitu vinavyozunguka. "Tik tik tik" nyepesi juu ni tapeti. Mchakacho upande wa taimingi cheni ni cheni imelegea. Kugonga wakati wa baridi kunakopungua injini ikipata moto, mara nyingi ni pistoni imelegea kwenye bloku. Lakini "go, go, go" nzito ya chini, inayozidi ukibeba mzigo au ukivuta resi, ni konrodi. Hapo usiendelee kuendesha hata kumalizia safari moja. Konrodi ikikatika inatoboa injini, na bei haitakuwa ya ringi tena.

Kuhakikisha, toa plagi, ingiza mrija wa soda mrefu ukae juu ya pistoni. Zungusha magneto mpaka pistoni ifike katikati ya safari yake, kisha itikise nati mbele na nyuma kidogo kidogo. Mrija unatakiwa ufuate papo hapo. Kama nati inatembea na mrija umetulia, kuna mchezo kwenye konrodi. Msitumie chelewa kavu ya ufagio, inakatikia ndani (naongea kwa uzoefu).

KIPIMO CHA 7: SOMA OILI

Mwaga oili injini ikiwa ya moto kiasi, ipitishe kwenye kitambaa cheupe juani. Vumbi laini sana la kung'aa, kidogo, ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole sio kawaida. Pitisha sumaku, ile ya spika mbovu inatosha. Vinavyonasa ni chuma: ringi, gia, beringi. Visivyonasa na ni vyeupe ni aluminiamu, na pistoni ni aluminiamu. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, kuna maji, kwa hiyo badilisha mara moja na usiwashe kwanza. Oili chafu usimwage ufukweni, tunakula samaki wa hapo hapo.

Na kila asubuhi angalia kijiti cha oili. Injini hizi zinabeba kama lita moja tu. Ikipungua na chini hakuna tone, inaungua.

MAJIBU UNAYAFANYIA NINI?

Usihukumu kwa kipimo kimoja. Moshi wa bluu wakati wote, plagi ya mafuta, mpira unaopuliza, na kijiko cha oili kinapandisha nguvu: hapo mashahidi wanne wamesema kitu kimoja, ni ringi na bloku. Nenda kwa fundi ukiwa na hilo jibu, na mwambie apime bloku kabla ya kuagiza spea. Kama bloku imekwanguka au imepanuka, ringi mpya peke yake ni kupoteza pesa, moshi utarudi baada ya muda mfupi.

Moshi wa kuwasha tu, na nguvu ipo? Sili za valvu. Ni kazi ndogo zaidi. Nguvu hamna, kijiko hakibadilishi kitu, "sss" kwenye ekzosi? Valvu, na anza na tapeti kwa sababu hiyo ni ya bei ya chini kuliko zote. Inagonga chini? Simamisha.

Na fundi sio adui. Fundi mzuri anafurahi ukimletea majibu. Asiyetaka kupima ndo wa kumwogopa.

SASA KAKA ILIKUWAJE?

Asubuhi ile tulianza na kiki. Ikazama bila ubishi. Kidole gumba, hamna kitu. Kaka akasema basi, fundi alikuwa sahihi. Mzee akamwambia tulia. Tukaweka kijiko cha oili, tukapima tena. Vile vile, hakuna kilichobadilika. Mzee akatabasamu. "Ringi hazina kosa." Nikainama kwenye ekzosi kaka akiwa ameegemea kiki, nikasikia "sssss" kama nyoka. Tukafungua tapeti. Ya kuingizia ilikuwa na nafasi. Ya moshi, hata kile kipande chembamba kabisa cha fila geji hakikuingia. Na hapo kaka akakumbuka, mwezi uliopita kuna mtu alimkazia tapeti kijiweni kwa sababu zilikuwa zinapiga kelele.

Tukailegeza, tukaweka nafasi ya kitabu, tukafunga. Kiki ya kwanza ikamrudisha mguu. Ya pili ikawaka.

Mzee hakushangilia. Alituambia valvu ile imeshaungua kidogo, ipo siku itataka kusagwa, tuwe tunapima kila mwezi. Ndivyo tulivyofanya. Gharama ya siku ile: fila geji shilingi elfu nane, na nusu siku ya kazi. Hesabu ya bosi ilienda jioni kama kawaida. Miezi minne baadaye kaka akakabidhiwa kadi ya pikipiki, na valvu akaja kuisaga kwa hela yake mwenyewe, kwa muda wake mwenyewe.

Jirani yetu ndo bado. Ametengeneza bloku kwa kukopa, na kila nikipita dukani kwake ananipa salamu vizuri tu, hajawahi kunilaumu. Hilo ndo linaniuma zaidi. Kijiko kimoja cha oili na kufungua boksi la eya klina, basi. Nilikuwa na nafasi ya kusema "subiri, tupime kwanza" nikasema "chukua, iko safi".

Kwa hiyo wadau wa Masoko, Kivinje, Nangurukuru, Somanga, Mchinga mpaka Lindi mjini, kabla hujatoa hela kununua au kufungua injini, pima. Mafundi mliomo humu, nilipokosea nirekebisheni kwenye maoni, kuna watu watafuata nilichoandika.

Nawasilisha.